Kuta na Siri Katika Programu

Mtu afunguaye leo msimbo wa programu ya mtandao, iwe inaendesha gazeti, duka au maktaba, mara nyingi huukuta umegawanywa katika sehemu zinazojitegemea, ziitwazo moduli. Ugawaji huu waonekana kuwa jambo la kawaida, kama vile nyumba kuwa na vyumba. Lakini swali la mahali pa kujenga ukuta lilizusha ubishi wa miaka mingi kati ya wataalamu, na yafaa ubishi huo usimuliwe, kwa kuwa aliyeshindwa alikuwa mtu mwenye akili nyingi, na hoja yake ilikuwa ya kiungwana.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa ikitengeneza OS/360, programu kuu ya kuendeshea kompyuta zake mpya. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Frederick Brooks. Brooks aliona kuwa kila mtunzi wa programu apaswa kuijua kazi ya wenzake wote, maana asiyejua afanyalo jirani yake atamharibia bila kukusudia. Basi maelezo ya kazi nzima yakakusanywa katika daftari moja, na watunzi wakapewa nakala. Baada ya miezi 6 hivi daftari hilo lilikuwa na unene wa kama futi 5, na kila siku zililetwa kurasa zipatazo 150 za kuingizwa mahali pa zile zilizokwisha kubatilika. Mwishowe ilibidi lihamishiwe katika filamu ndogo za kusomwa kwa mashine. Msomaji na ajiulize: mtu akimaliza kupanga kurasa hizo, saa ya kutunga programu aipate wapi?

Jibu la kinyume lilitoka kwa David Parnas, wa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon mjini Pittsburgh, katika makala aliyoichapisha mwezi wa Desemba 1972. Mfano alioutumia ulikuwa mdogo sana: programu ya kutengeneza faharasa. Programu hiyo huchukua kila mstari wa maneno, ikalihamisha neno la kwanza hadi mwisho wa mstari, na kurudia hivyo mpaka kila neno limepata zamu ya kutangulia. Kisha huipanga mistari yote kwa taratibu ya alfabeti. Sisi tushughulikao na kamusi twaijua vema faida ya faharasa ya namna hiyo.

Parnas aliigawa programu hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ambayo karibu kila mtu angeichagua: moduli moja isome, ya pili izungushe maneno, ya tatu ipange, ya nne ichape, na moja iwe msimamizi. Ugawaji huo hufuata hatua za kazi, nao wapendeza machoni. Ila una ila yake. Moduli nyingi kati ya hizo zapaswa kujua namna mistari ilivyohifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine, na siku namna hiyo ikibadilishwa, zote hazina budi kubadilishwa pamoja. Katika njia ya pili, uhifadhi wa mistari umekabidhiwa moduli moja tu, nayo peke yake ndiyo ijuayo siri hiyo. Nyingine huiomba herufi fulani ya neno fulani, zikapewa, wala haziulizi imetolewa wapi. Kwa hiyo, kwa Parnas, ukuta haujengwi baina ya hatua na hatua. Hujengwa kulizunguka lile jambo ambalo huenda kesho likabadilika. Wahenga walituonya kwamba mficha uchi hazai. Katika kazi hii, afichaye ndiye azaaye.

Brooks hakukubali. Katika kitabu chake cha 1975, The Mythical Man-Month, alisema kuwa ufichaji huo ni usanifu mwema, lakini kutegemea utimilike bila dosari ni kujitakia maafa. Miaka 20 baadaye, katika toleo jipya la 1995, aliandika waziwazi kwamba Parnas alikuwa na haki na yeye alikosea. Ni nadra kwa mwanachuoni kuandika hivyo juu ya kitabu kilichompatia sifa.

Wakati huohuo mtandao wa dunia ulikuwa mchanga, na kosa la kale lilikuwa linarudi kwa mlango mwingine: kurasa nyingi zilitungwa kwa faili moja lililochanganya maandishi, hesabu na maulizo ya hifadhidata. Mwaka 2003, mjini Lawrence katika jimbo la Kansas, Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakitunga tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World, ambako kazi mpya hutakiwa kwa siku chache, pengine kwa saa chache. Zana walizojitengenezea zilitolewa kwa umma Julai 2005 kwa jina la Django, kwa heshima ya mpiga gitaa Django Reinhardt. Ndani yake tovuti hugawanywa kwa mambo, si kwa hatua: moduli ya kura za maoni, ambayo ndiyo mwanafunzi hufundishwa kwanza, ina majedwali yake, anwani zake na kurasa zake, nayo yaweza kuhamishiwa tovuti nyingine.

Hata hivyo ukuta waweza kusimama na siri ikavuja. Django ilikuja na moduli ya watumiaji iliyokwisha kuamua mtumiaji ni nini: ana jina la kuingilia lisilozidi herufi 30, na kadhalika. Moduli nyingine zikaandikwa zikilitaja jedwali hilo moja kwa moja. Aliyetaka watu waingie kwa anwani ya barua pepe peke yake alijikuta akipambana na uamuzi uliokwisha kuenea nyumba nzima. Ruhusa ya kuibadilisha maana ya mtumiaji ilikuja katika toleo la 1.5, Februari 2013, zaidi ya miaka 7 tangu zana hizo zitolewe. Na kwa miaka mingi maelezo ya Django yalimshauri aanzaye kazi mpya ajitungie maana yake ya mtumiaji tangu siku ya kwanza, ijapokuwa ile ya asili yamtosha, kwa sababu kuibadilisha baada ya majedwali kuumbwa ni kazi ngumu.