Toba na Malipizi: Waliookoka wa Afrika Mashariki na Maadili ya Kila Siku

Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani vuguvugu la kiroho lililoenea ndani ya makanisa ya Kiprotestanti bila kujitenga nayo, ulichipuka kutokana na urafiki wa Simeon Nsibambi, Mkristo wa Buganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, ambao mwaka 1929 walikutana Namirembe, Uganda, wakaisoma Biblia pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulipamba moto Gahini, ukavuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, na wafuasi wake wakajulikana kwa jina la Kiganda, Balokole, maana yake waliookoka.

Katika mafundisho hawakuongeza jambo kubwa, ila walishikilia kwamba anayempenda Mungu hana budi kuidhihirisha toba yake kwa matendo ambayo jirani anaweza kuyashuhudia. Aliyeokoka alitarajiwa kuitaja dhambi yake mbele ya ndugu katika ushirika, yaani mkutano mdogo wa sala, Biblia na ushuhuda, kisha afanye malipizi, ndiyo kumrudishia mwenyewe mali aliyoibiwa au kudhulumiwa. Watumishi walirudisha vitu walivyowaibia waajiri, wadaiwa wakalipa, na waume wakaungama uzinzi wao. Uwazi huo, ulioitwa kutembea nuruni, uliwaudhi wengi, kwa kuwa wazee waliona ni utovu wa adabu kuanika siri za nyumba hadharani, nao wakuu wa kanisa hawakupenda kukemewa na vijana. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Balokole, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, Uganda, baada ya kukaidi amri iliyozuia mikutano yao ya alfajiri.

Jaribio zito zaidi lilikuja Kenya, ambako hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952. Wengi wa ndugu wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga utawala wa Waingereza, ambacho kiliambatana na damu ya mbuzi, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo. Lakini wapo pia waliokataa kubeba bunduki katika vikosi vya ulinzi vya serikali, kwa hoja kwamba ampendaye Kristo hamwui jirani yake. Wapiganaji wakawaona wasaliti, serikali ikawatilia shaka, na baadhi yao waliuawa.

Hata hivyo, kuupima upendo kwa matendo kulikuwa na hatari yake. Katika miaka ya 1970 kundi la Uganda lililoitwa Abazukufu, yaani waliozinduka, lilipiga marufuku kukopa na kuwashutumu ndugu waliolegea, hata ushirika ukagawanyika. Waliorudisha mali ya wizi katika miaka ya mwanzo walisukumwa na upendo, ilhali orodha ya makatazo huweza kutimizwa barabara hata na mtu asiyempenda Mungu wala jirani.