Shehena ya Tende

Katika vyakula vyote vilivyoletwa na bahari katika pwani ya Afrika ya Mashariki, hapana kilichopokewa kwa taadhima kubwa kuliko tende, wala hapana kilichobaki kuwa mgeni kwa karne nyingi namna hii. Kwa maana mtende, ingawa huota Lamu na Unguja na kurefuka vema, hauivishi matunda ya kusifika mahali penye unyevu na mvua, na mkindu, ndugu yake wa huku, umetufaa kwa ukindu wa mikeka zaidi kuliko kwa vitunda vyake vidogo. Mtende hutaka maji mengi mizizini na jua kali utosini, na mambo hayo mawili hukutana katika nchi chache tu. Tende zetu, basi, zilikuwa tende za safari, na mwenye kutaka kuijua tarehe yake hana budi kuifuata njia ya majahazi.

Mti wenyewe ni wa kale mno. Katika kisiwa cha Dalma, kwenye Ghuba, zimefukuliwa kokwa za tende zilizokadiriwa umri wa miaka 7,000 hivi. Na sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Masihi, ziliamua kwamba mkulima aliyekabidhiwa ardhi ili apande bustani aihudumie miaka minne, na mwaka wa tano agawane mazao sawa kwa sawa na mwenye ardhi. Muda huo haukuwekwa kwa kubahatisha, maana chipukizi la mtende huchukua miaka kama hiyo kabla ya kuzaa. Nasema chipukizi, si kokwa: mwenye kupanda kokwa hajui atakachovuna, kwa sababu karibu nusu ya miche itakuwa midume isiyozaa, na iliyobaki haitamfuata mama yake kwa ladha, kwa hiyo mkulima hungoja mti utoe machipukizi shinani, huyakata pamoja na mizizi yake, na kuyahamisha. Kisha kila mwaka, karara la jike lipasukapo, hupanda juu na kutia ndani yake vishada vya maua ya dume, kazi ambayo haifai kuachiwa upepo. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.), alipowakuta watu wa Madina wakiifanya, alidhani huenda haina faida, wakaiacha, mavuno yakapungua, naye akawaambia kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Mimi huipenda hadithi hiyo kwa sababu inampa mkulima haki yake.

Omani, kazi hii iliongezewa nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuyaleta maji. Ndani ya nchi, pande za Nizwa, Rustaq na Samail, maji hutolewa chini ya milima kwa falaji, mifereji iliyochimbwa chini kwa chini kwa masafa marefu, na kila shamba hupewa zamu, iliyopimwa zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Lakini katika uwanda wa pwani uitwao Batina maji mengi yalivutwa visimani, kwa viriba na ng'ombe, kutwa kucha. Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi, aliyetawala tangu 1692 hata 1711, husimuliwa kuwa alipanda mitende 30,000 na kuzitengeneza falaji 17. Naye ndiye huyo ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwezi wa Desemba 1698. Watu wa pwani hulikumbuka tukio la pili na kulisahau la kwanza, na kumbe mambo yote mawili ni ya hazina moja: mali iliyopatikana baharini iligeuzwa kuwa mashamba.

Majira ya mti na majira ya pepo yalipatana ajabu. Tende huvunwa tangu Juni hata Oktoba. Zikisha kukaushwa na kushindiliwa katika makanda yaliyosukwa kwa makuti ya mtende huo huo, mabumu na mabaghala yalizipakia Basra na Maskati, na kaskazi ikishika, mnamo Novemba na Desemba, vyombo vilishuka nazo mpaka Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja, vikakaa vikingoja kusi ivirudishe kwao. Nahodha hakupata shehena bora kuliko hiyo: haiozi upesi, haitaki moto wala sufuria, uzito wake hukituliza chombo, mabaharia huila njiani, na kanda moja moja laweza kuuzwa katika kila bandari. Ramadhani ikiangukia kabla ya majahazi kuwasili, watu walifuturu kwa tende za mwaka uliopita, na hakuna aliyelalamika; tende kavu na maji yatosha kuitimiza sunna, na kahawa chungu huja baadaye.

Lakini makanda hayo hayakusafiri peke yake. Katika Periplus, mwongozo wa bahari ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Masihi, bandari za Ghuba hutajwa kuwa zatoa tende kwa wingi, na katika orodha ile ile, maneno machache mbele, watumwa. Al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Sisilia, aeleza kwamba wasafiri wa pande za Omani waliwahadaa watoto wa Zenji kwa tende, wakiwavuta kutoka mahali hata mahali mpaka wakawatia mkononi. Yeye hakufika pwani hii. Aliandika kwa kusikia, na mambo ya kusikia yataka uangalifu. Hata hivyo hadithi ya watoto waliovutwa kwa tende na halua ingali ikisimuliwa kwetu, nami sioni sababu ya kuitupa kama ngano, kwa kuwa biashara yenyewe haikuwa ngano.

Karne ya 19 iliyafunga mambo haya pamoja kwa namna ambayo al-Idrisi asingeidhani. Mwaka 1840 Sultana, jahazi la Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, chini ya Ahmad bin Naaman, lilitia nanga New York; pamoja na karafuu, pembe za ndovu na kahawa, lilikuwa na makanda 1,300 ya tende. Wamarekani wakaipenda hasa fardhi ya Omani, tende ngumu kidogo istahimiliyo safari ndefu, na baadaye meli za moshi zikashindana kuzifikisha kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Mahitaji yalipozidi, mashamba ya Batina yakapanuliwa, na mikono ya kuvuta maji ikatafutwa ng'ambo hii. Hata baada ya mwanawe, Sayyid Barghash, kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, vyombo viliendelea kuwachukua watu kwa siri. Hivyo mtoto wa New York alikula tende iliyonyweshwa na mtu aliyetekwa bara ya Afrika ya Mashariki, na hakuna katika hao wawili aliyejua habari za mwenziwe.

Soko hilo halikudumu. Mwaka 1912 na 1913 Paul Popenoe, Mmarekani, alikusanya maelfu ya machipukizi katika nchi za tende, Basra, Omani na Aljeria zikiwamo, yakapandwa California. Mashamba ya bonde la Coachella yalipoanza kuzaa sana, fardhi ikaanguka bei, na wenye mashamba wa Batina wakazama katika deni. Baadhi ya watumwa walikimbilia Maskati kwa balozi wa Kiingereza kuomba hati za uhuru, na wajukuu wa waliobaki wangali wakiishi Batina hata leo.

Huku kwetu makanda yaliendelea kuja. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika Unguja na Rufiji katika bumu la Kuwait liitwalo Bayan, lililorudi kwao na boriti za mikoko. Maana Kuwait haina misitu, na dari za nyumba zake zilisimama kwa boriti za Rufiji na Lamu. Mafuta yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1946, vijana wa Kuwait wakaiacha bahari, saruji na chuma vikashika mahali pa boriti, na bumu lisilo na shehena ya kurudi nayo halikuwa na faida ya kuja. Vita vya Iraki na Irani vya 1980 hata 1988 viliiteketeza sehemu kubwa ya mitende ya Shatt al-Arab, pande za Basra, na tende za futari zikashushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka meli kubwa, katika maboksi, mwezi wowote wa mwaka.