Bwana Msa ana kazi Huruma

Hadithi ya upelelezi hunoga zaidi ikisomwa na kundi, kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Mwaka 1930, waandishi wa London, wakiwemo Agatha Christie na Dorothy L. Sayers, waliunda Detection Club. Wanachama wake walikula kiapo kwamba wapelelezi wao watafumbua kesi kwa akili, si kwa ufunuo, mazingaombwe wala sadfa, na kwamba hawatamficha msomaji ushahidi muhimu. Kiapo hicho kilimfanya msomaji mshindani wa mpelelezi, na ushindani hutaka watu. Wapenzi wa Sherlock Holmes nao walianza kukusanyika, na mwaka 1934 Christopher Morley akaanzisha Baker Street Irregulars kule New York, chama ambacho hadi leo hula pamoja na kubishana juu ya kila kijisehemu cha maisha ya Holmes.

Atakayesema hayo ni mambo ya Wazungu, yasiyowahusu watu wa mtaa wa Huruma, Nairobi, aangalie Kiswahili kilichofanya. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 makao yake makuu yakiwa Nairobi, ndilo lililoendesha shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari wa Makunduchi, kwa hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo maiti inakutwa mahali pa mzimu, watu wanaogopa, na mpelelezi Bwana Msa, kiko chake mdomoni, anakataa katakata kumtwika mzimu kosa la binadamu. Ni kweli kwamba Abdulla alimwazima Holmes: kiko ni kile kile, na Najum, msaidizi wa Bwana Msa, anashika nafasi ya Watson, rafiki wa Holmes. Lakini kazi aliyompa mpelelezi wake ni ya hapa kwetu. Bwana Msa anabishana na uvumi wa majirani, na anawashinda kwa kuuliza nani alikuwa wapi, na nani angefaidika.

Pingamizi zito zaidi linatoka Nairobi kwenyewe. Kitabu cha uhalifu kilichotikisa jiji hili ni *My Life in Crime* cha John Kiriamiti, kilichotoka mwaka 1984, na msimulizi wake, Jack Zollo, ni jambazi. Kwa Kiswahili pia, Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetokea katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, ni jasusi wa bastola na ndege, si mtu wa kuketi na kupima maneno ya mashahidi. Nakubali kwamba vitabu hivi vinasisimua, na kwamba Kiriamiti, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971, aliandika jambo alilolijua. Hata hivyo vinamwacha msomaji akitazama tu. Mbio za Zollo humsubirisha mtu kujua kama atakamatwa. Bwana Msa humlazimisha atoe hukumu yake kabla ya ukurasa wa mwisho, na kuitetea mbele ya wenzake.

Mtaa kama Huruma unauhitaji sana uwezo huo. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapo kando ya mto na kuua watu wapatao 50. Kuitaja mvua peke yake kungekuwa sawa na kuulaumu mzimu: mamlaka zilisema jengo halikuwa na idhini na lilikuwa limeorodheshwa kubomolewa. Aliyezoea kuuliza maswali ya Bwana Msa angetaka kujua nani alipokea kodi baada ya amri ya kulibomoa kutolewa, na nani aliiacha bila kutekelezwa. Mtu anaweza kujibu kwamba riwaya haizuii jengo kuanguka. Haizuii, lakini wapangaji waliozoea kudaiana ushahidi ni vigumu kuwaridhisha kwa majibu ya juu juu.

Mahali pa kundi la wasomaji kukutania si mbali. Maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan, zimekarabatiwa kwa juhudi za shirika la Book Bunk, na Eastlands nzima inaweza kuzitumia. Nakala moja ya *Mzimu wa Watu wa Kale* inatosha watu kumi, mmoja akisoma kwa sauti na kukifunga kitabu kabla ya sura ya mwisho, ili kila mmoja amtaje muuaji wake na sababu zake.