Sanamu Ikishushwa Ndipo Inasema

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, wengi tunaipita tu kama nguzo ya umeme. Inatumika kuelekezana njia: "shuka Askari, kata kushoto." Lakini hebu tujiulize, kabla ya askari huyo wa shaba kusimikwa mwaka 1927, nani alikuwa amesimama katikati ya mji?

Alikuwa Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri pwani, vita vilivyoisha kwa Abushiri kunyongwa Pangani mwaka 1889. Wissmann alisimama juu. Chini yake aliwekwa askari Mwafrika, anamtazama bwana wake. Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, wakaing'oa. Mwaka 1922 ikasimikwa upya Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha kwa kamba miaka ya 1960. Ikafungiwa stoo.

Kisha likatokea jambo ninalolipenda kuliko yote katika historia ya sanamu zetu. Mwaka 2004 msanii wa huko, Jokinen, akaitoa stoo na kuisimamisha bandarini Hamburg kwa miezi 14 tu. Hakuisafisha wala kuipa heshima yake ya zamani. Watu waliitwa waitazame, wabishane, wapige kura kwenye mtandao ifanywe nini. Muda ulipoisha, ikarudishwa stoo. Sanamu ile ile iliyokuwa ikitoa amri sasa ilikuwa ikijibu maswali.

Sasa mtu wa Mugumu au Tarime atasema, hayo ni ya mjini, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wilaya ya Serengeti ina ngome ya Ikoma, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Tarime imetoa askari wengi kwenye jeshi la KAR la Mwingereza. Na kibao cha Askari pale Dar kinawataja pia wapagazi wa Vita ya Kwanza, ila sanamu yenyewe inamwonyesha mwenye bunduki peke yake. Nairobi angalau mpagazi yupo, amesimama pamoja na wenye silaha. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa njaa na magonjwa.

Lakini Mara ina kumbukumbu ambazo hazikusubiri shaba. Waikoma wanazo Machaba, pembe mbili za ndovu ambazo masimulizi yao yanasema zilitoka kwa mganga wa Kitaturu. Pembe hizo hazikusimikwa kwenye kona ya barabara. Zina watunzaji, na zina siku zake za kutolewa. Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, anaeleza pia jinsi marika ya jamii za magharibi mwa Serengeti yalivyokuwa yakiizunguka nchi kwa miguu ili kuiponya na kuikinga. Mipaka ilikumbukwa kwa nyayo. Kizazi kikishazunguka, nyasi zinaota tena, na kizazi kinachofuata lazima kitembee chenyewe. Ukiacha kutembea, unasahau.

Kwa hiyo sanaa ya muda si kitu cha kuletewa na Wazungu. Hata Mwenge wa Uhuru ni mnara unaokimbia: unaingia wilayani, watu wanakesha, kesho yake umekwenda.

Nasema haya kwa sababu kuna deni. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na ndani yake kuna maeneo ambayo wazee wa magharibi wanayajua kwa majina ya mahame na makaburi ya watu wao. Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1959 akihesabu wanyama, ana mnara wake ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Simnyimi mnara wake. Ila mgeni anayeusoma huondoka akidhani nchi hii ilikuwa ya nyumbu peke yao.

Mimi ningependa ngome ya Ikoma ipewe siku nane. Kuta zake zifunikwe kwa vitambaa vyenye majina ya mahame, wazee waseme kila jina ni la wapi, vijana wa Tarime na Serengeti watembee na mizigo kichwani kama wapagazi. Siku ya tisa vitambaa vishushwe, vigawiwe shule za jirani.

Najua mtu atauliza: siku nane zitaleta maji? Hazitaleta. Mnara wa shaba nao hauleti, na bei yake ni kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba mnara ukishajengwa tunaachia jiwe lituwekee kumbukumbu, sisi tunakwenda zetu. Kitambaa kikishushwa, kazi ya kukumbuka inabaki mikononi mwetu. Na wazee wanaoyajua majina hayo hawatangoja shaba ipoe.