Beni na Ukoo Wake Kusini mwa Ufipa

Atokaye Sumbawanga kwa njia ya kusini huvuka mpaka na kufika Mbala, mji ambao zamani za Waingereza uliitwa Abercorn. Hapo ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini, tarehe 25 Novemba 1918. Ufipa nao ulikuwa umekwisha kuionja vita hiyo, kwani boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, lilitwaliwa mwezi wa Juni 1916. Habari za vita aghalabu huishia hapo, ijapokuwa habari ya ngoma ndiyo kwanza inaanza.

Beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na jina lake ni lile lile la bendi za Wazungu. Vyama vyake, mashuhuri kati yao Marini na Arinoti, vilikuwa na Kingi, Majenerali na Makanali. Vilicheza kwa gwaride, vikatupiana mafumbo, tena vikazika wafu wao na kusaidiana katika shida. Wakati wa vita askari wa pande zote mbili waliicheza kambini, na baada ya amani ikasambaa bara pamoja nao.

Wako waliosema kuwa huo ulikuwa uigaji mtupu. Hoja hiyo ni dhaifu, maana kinachoigwa tu hakizai. Wapiga fidla wa Québec wana wimbo uitwao Reel du pendu, ambao kila fundi huupiga kwa namna yake, na bado sikio huutambua. Ukoo wa beni hautambulikani kwa sikio. Kandokando ya Ziwa Nyasa, katika malipenga na mganda, tarumbeta ya shaba iligeuka kuwa kibuyu chenye utando wa buibui, na sauti ikawa nyingine kabisa. Kilichobaki ni vyeo, mistari iliyonyooka na ushindani.

Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ngoma hiyo iliitwa mbeni. Mwaka 1935 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya kodi, na sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya. Tume ya serikali ikasikiliza ushahidi juu ya mbeni pia. Wakubwa walishuku kwamba watu wanaojua kupanga ngoma wanajua kupanga na mgomo. Shaka hiyo, tukipima vema, ilikuwa heshima kubwa kuliko sifa zote walizopewa wachezaji.

Mwaka 1951 Clyde Mitchell aliikuta Luanshya kalela ya Wabisa, mjukuu wa mbeni. Gwaride lilikuwa limekwisha kufifia. Kingi alivaa suti. Palikuwa na daktari mwenye joho jeupe, na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, aliyewapitia wachezaji mmoja mmoja akiwa na kioo na leso, ili kila mtu ajitazame kama yu nadhifu.