Korongo wa Karatasi

Katika mji wa Hiroshima, nchini Ujapani, pana nguzo ya ukumbusho yenye urefu wa meta 9. Juu yake amesimama msichana wa shaba, ameinua korongo kwa mikono miwili. Kila mwaka huletwa hapo korongo wapatao milioni 10 waliokunjwa kwa karatasi, kutoka nchi nyingi za dunia. Labda msomaji wa Rwambuzi atauliza: Habari hii yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana, na kwa sababu mbili.

Kwanza tumjue msichana mwenyewe. Jina lake Sadako Sasaki, naye alizaliwa mwaka 1943. Tarehe 6 Agosti 1945 Waamerika walipoangusha bomu la atomiki juu ya mji ule, alikuwa na miaka 2 tu. Hakupata jeraha. Akakua, akaenda shule, akawa hodari wa mbio. Lakini mwaka 1955 waganga walimwona ana saratani ya damu, ugonjwa uliowapata watoto wengi wa Hiroshima kwa ajili ya mionzi ya bomu lile. Wajapani wana mapokeo ya kwamba mtu akunjaye korongo 1,000 hujaliwa haja yake. Basi Sadako akaanza kukunja kitandani, hata akatumia karatasi za kufungia dawa. Alikufa tarehe 25 Oktoba mwaka ule ule, mwenye umri wa miaka 12. Ndipo wenzake wa darasani wakaanza kuchanga fedha, na watoto wa shule zaidi ya 3,000 wakawaitikia. Ukumbusho ulifunguliwa tarehe 5 Mei 1958, kwa ajili ya watoto wote waliouawa na bomu.

Sababu ya kwanza ya kutuhusu ni hii: uraniumu iliyotiwa katika bomu lile, sehemu yake kubwa ilitoka Kongo, katika shimo la Shinkolobwe, Katanga. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Baba zetu walioyachimba hawakuambiwa yatafanya kazi gani.

Sababu ya pili ni makaburi yetu wenyewe. Vita vya Ituri, tangu mwaka 1999 hata 2003, vyakadiriwa kuua watu zaidi ya 50,000. Mwezi wa Mei 2003 hata waliokimbilia parokia ya Nyakasanza hawakupona. Tarehe 1 Februari 2023, huko Kinshasa, watu walioteswa mashariki mwa nchi, na wa Bunia miongoni mwao, waliweka chini ya msalaba, mbele ya Papa Fransisko, panga kama zile zilizoua jamaa zao. Lakini wengi wa marehemu wetu walizikwa bila hata jina kuandikwa.

Mtu atasema: Karatasi haidumu, mvua huiharibu, mchwa huila. Ni kweli. Jiwe likisha kusimamishwa, watu huenda zao na kulisahau. Karatasi yataka ifanywe tena mwaka kwa mwaka, na mtoto anayeikunja yampasa kwanza aulize anamkunjia nani. Kwa hiyo yule wa karatasi hukumbukwa na vijana ambao hawakumwona.

Nasi twaweza. Kazi hii haihitaji saruji wala mfadhili. Kila mtoto achukue ukurasa mmoja wa daftari, amwulize bibi yake jina la ndugu mmoja aliyeuawa, aliandike, kisha akunje. Mtoto wa Mhema afanye hivyo, na wa Mlendu vilevile, na wa Mbira. Halafu korongo wote watungwe katika uzi mmoja.