Kutoka fono mpaka simu: ginsi nyumba za Lubumbashi zilivyosikiliza muziki

Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la desturi za mji wetu, tunauliza wanafunzi swali moja: « Kwenu nyumbani, nani anachagua wimbo? » Wanacheka. Mmoja anajibu: « Mwalimu, kila mutu na simu yake. » Tungeuliza swali hilo kwa wazee wao walipokuwa vijana, jibu lingekuwa moja tu: baba. Na tukiliuliza kwa sisi tuliozaliwa wakati wa kaseti, tungekuwa na mabishano, kwa sababu katika nyumba zetu yaya, mama na mudogo walikuwa wakigombea mashini moja.

Historia ya muziki wa Kongo imekwisha kuandikwa sana upande wa waimbaji na orkestra. Tarehe 14 desemba 2021 rumba ya Kongo mbili iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa mataifa, na sisi wote tulifurahi. Lakini ginsi watu walivyokaa pamoja na kusikiliza nyumbani, hiyo nayo ni desturi, na hakuna orodha inayoitunza. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba kila mara chombo cha muziki kilipobadilika, nyumba nayo ilibadilika: nani anaamuru, nani anauliza, na nani anafundisha mtoto maana ya maneno.

1. Fono, mashini ya baba

Reli kutoka kusini ilifika hapa Elisabethville mwaka wa 1910. Kwa njia hiyo bidhaa nyingi za Rhodesia na Afrika Kusini ziliingia Katanga, na watu wa kazi nao wakapita huku na huku. Fono ya wakati ule haikuhitaji umeme. Ilizungushwa kwa mkono mpaka chuma cha ndani kikaze, halafu sindano ikawekwa juu ya diski iliyozunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja wa diski ulichukua karibu dakika tatu tu. Na diski yenyewe ilikuwa ngumu lakini nyepesi kuvunjika kama sahani: ikianguka chini, wimbo umekufa.

Tangu mwaka wa 1948 kule Léopoldville Mgriki Nicolas Jeronimidis alianza kutoa diski za Ngoma. Zikafuata nyumba zingine kama Opika, Loningisa na, mwaka wa 1957, Esengo. Katanga pia ilipata sauti yake. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyetoka Afrika Kusini, alimkuta Jadotville (leo Likasi) kijana mmoja wa gitaa, Mwenda Jean Bosco, akachukua nyimbo zake, moja yao ikiwa « Masanga ». Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikazitoa kwa diski. Njo vile mtu wa Likasi alisikika katika nyumba za Likasi kwa kupitia diski iliyotoka mbali, kusini kabisa.

Mzee mmoja wa komini ya Kamalondo alitusimulia hivi: « Ile wakati mutoto hakukuwa na ruhusa ya kugusa mashini. Tulikuwa tunaikala chini, baba njo alikuwa anatia diski. Majirani banasimama ku dirisha. Diski ikiisha, bote banasema: rudilia! » Tuangalie vizuri neno hilo « rudilia ». Kwa kuwa diski zilikuwa chache na wimbo ulikuwa mfupi, ulirudiliwa mara tano, mara kumi kwa jioni moja. Watu walishika maneno yote kwa kichwa. Na katikati ya mara moja na nyingine kulikuwa na kimya kidogo, wakati baba anazungusha mkono wa fono. Katika kimya hicho mtoto aliweza kuuliza: « Baba, anasema nini? »

Nyimbo nyingi zilikuwa za Lingala, na wengi hapa hawakuisikia. Basi katika nyumba ilitafutwa mjomba aliyekuwa mwanajeshi, kwa maana Lingala ilikuwa lugha ya jeshi, naye akatafsiri. Wakati mwingine aliongeza ya kwake. Lakini mtoto alitoka pale na maneno, na mafumbo, na habari za inchi.

2. Radio na diski ndogo

Mwaka wa 1949 kulitokea ng'ambo ya mpaka, kule Rhodesia ya Kaskazini, radio ndogo ya duara yenye kutumia batri, iliyoitwa kwa Kiingereza kwa jina la sufuria, kwani umbo lake lilifanana nayo. Iliuzwa paundi tano. Stesheni ya Lusaka ilisema Kibemba, lugha inayosikiwa na wengi upande wetu, na sauti haina pasiporti. Mwaka ule ule Radio Congo Belge ya Léopoldville nayo ilianza kuwatolea Waafrika vipindi vyao.

Radio ilimtoa baba katika kiti chake, angalau nusu. Sasa hakuchagua tena wimbo. Alichagua stesheni na saa. Radio haina « rudilia ». Wimbo ukipita umepita, kwa hiyo mtu anayeuliza maana anaambiwa: « Nyamaza kwanza! » Katika miaka ya 1960 mpaka 1963, wakati Katanga ilikuwa imejitenga, kusikiliza kulikuwa pia jambo la hofu. Wazee wanasema habari zilifuatwa kwa sauti ndogo, mlango umefungwa, na muziki ukija ndipo sauti ilipandishwa, ili jirani ajue kwamba nyumba hii inasikiliza nyimbo tu.

Karibu na wakati huo diski za 78 zilikuwa zikiacha nafasi kwa diski ndogo za 45, zisizovunjika upesi, na pikapu ya umeme ikaingia katika nyumba za kambi za wafanyakazi. Diski hiyo ndogo ilileta jambo ambalo wengi wamelisahau. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene, gitaa na kucheza. Basi nyumba nayo ikagawanyika. Upande wa kwanza ulikuwa wa wazee, walioutaka kwa ajili ya mashauri yake. Upande wa pili ulikuwa wa vijana. Yule aliyesimama kugeuza diski alikuwa kama mwamuzi kati ya vizazi viwili. Diski kubwa za 33 zilipozoeleka, wimbo ulipata nafasi ya kwenda bila kukatwa. « Mario » ya Franco, ya mwaka wa 1985, yapita dakika kumi: maneno na sebene vimeshikana, na wazee na vijana wanangojeana.

3. Kaseti, nyumba inapoanza kusema

Kaseti ilitokea Ulaya mwaka wa 1963, kazi ya kampuni ya Philips, lakini hapa kwetu ilitawala hasa katika miaka ya 1980 na 1990. Ilikuwa na dakika 60 au 90. Kila mtu wa umri wetu anakumbuka: kurudisha utepe kwa biki ili kuchunga batri, kuanika batri kwenye jua zipate nguvu kidogo, na kungojea karibu na radio, kidole juu ya kitufe chekundu, kusudi kushika wimbo mpya.

Lakini ukubwa wa kaseti si huo. Fono, radio na diski zilisema, na nyumba ikasikiliza. Kaseti njo chombo cha kwanza kilichoacha nyumba yenyewe iseme. Jamaa zilitumiana barua za kaseti kati ya Lubumbashi, Kasai na Ubelgiji. Mama asiyejua kuandika aliweza kumtukana mtoto wake aliyeko Bruxelles kwa sauti yake mwenyewe, na kumbariki mwishoni. Katika vilio, watu waliweka mashini karibu na wamama wanaotoa kasala, yale maneno ya sifa ya Waluba yenye kutaja majina ya ukoo, mito na mahali wakubwa walipotoka. Kasala ilikuwa imetembea mdomo kwa mdomo. Sasa iliweza kulala ndani ya sanduku.

Tunasema hivi kwa sababu jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Mwaka wa 1990 kambo yetu mwanamke alitoa kasala katika kilio cha kaka yake. Yaya wetu aliazima mashini, akachukua sauti yake, karibu saa moja nzima. Kambo akafa mwaka wa 1993. Miaka ile ilikuwa migumu hapa: uporaji wa oktoba 1991, kisha 1992 na 1993, wakati jamaa nyingi zilifukuzwa na kuondoka kwa treni, na mishahara ya kampuni ya shaba haikufika tena. Nani angenunua kaseti mpya? Basi mwaka wa 1995 mudogo wetu, mwenye miaka kumi na miwili, alitafuta kaseti ya kushikia wimbo wa radio, akatwaa ile. Hakuwa na ubaya. Juu yake hakukuwa kumeandikwa kitu, na hakuna aliyevunja vile vimeno viwili vya plastiki vya nyuma, ambavyo vikivunjika kaseti haifutiki tena. Baba hakumpiga. Alikaa tu, akasikiliza rumba mpaka mwisho.

4. Kadi ndogo na masikio yaliyofungwa

CD ilifuata, na katika miaka ya 2000 diski za video. Hapo watu wakaanza kutazama muziki zaidi ya kuusikiliza. Ni wakati pia ambapo mabanga yaliongezeka, yaani majina ya matajiri na wakubwa yanayotajwa ndani ya wimbo. Maneno yenye fundisho yalipungukiwa nafasi. Halafu simu zikaja na kadi ya memori. Kwa franga kidogo kijana wa barabarani mwenye kompyuta alikujazia nyimbo mamia, kadi ikiwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Leo ni intaneti.

Tusiwe wazee wa kulaumu kila kitu. Binti wa nyumba, ambaye zamani hakuruhusiwa kugusa fono, leo anachagua mwenyewe. Na wimbo wa Mwenda Jean Bosco ambao mzee aliutafuta miaka mingi baada ya diski yake kuvunjika, mjukuu anaupata kwa dakika moja. Hiyo ni faida kubwa.

Hasara iko mahali pengine. Mwaka mmoja tulisikilizisha darasa letu wimbo mmoja wa zamani wa gitaa la Katanga. Waliupenda. Lakini walipoulizwa maana, wengi walishika nusu tu, na maneno mengine ya Kiswahili cha hapa hapa Katanga yaliwapita kama ya ugeni. Tukauliza: « Mbona hamukuulizia wazee ku nyumba? » Msichana mmoja akajibu: « Baba hasikii kile minasikia. » Ni kweli. Mwenye nyuzi masikioni hawezi kuulizwa, na hawezi kuuliza. Ule wimbo mrefu wa sasa hauna kimya cha kuzungusha fono. Mashini haikufundisha mtoto kitu hata siku moja. Aliyefundisha ni mtu aliyekaa karibu naye. Kile kilichotutoka ni ule ukaribu.

Hitimisho

Basi tufanye nini? Hatutarudi kwa fono. Tunaomba wasomaji mambo matatu, yasiyo na gharama kubwa. La kwanza: kila jamaa itafute kaseti zake, ivunje vile vimeno vya nyuma leo hii, kisha iandike juu yake ni sauti ya nani, mahali gani, mwaka gani. Utepe unaharibika kwa joto na vumbi, na mashini za kuuchezesha zinazidi kuwa haba. La pili: sauti hizo zihamishwe katika simu za watoto, kwani simu hiyo tunayoilaumu njo sanduku tulilo nalo. La tatu: jioni moja kwa juma, nyuzi zitoke masikioni, wimbo mmoja usikike kwa nyumba yote, na mkubwa aulizwe: « Anasema nini? »

Kaseti ya kambo yetu tumekwisha kuihamisha. Rumba ya mudogo haikufika mpaka mwisho wa utepe. Baada yake kunabaki kama dakika mbili, vilio vya watu nyuma, na sauti ya kambo ikitaja majina saba ya wakubwa wa ukoo. Matano tulikuwa tunayajua. Mawili hakuna aliye hai anayeweza kutuambia ni ya nani. Hata hivyo watoto wetu wamekwisha kuyashika yote saba kwa kichwa, kwa kurudilia.